Sungura Asiyeshika Mimba

Wazee wetu shikamooni, na wengine hamjambo. Nikitaja sungura naona watu wanatabasamu. Mnamkumbuka yule mjanja wa hadithi aliyemzidi Fisi akili. Huyo ni wa porini kwetu, anayezalia juu ya ardhi, watoto wakiwa na manyoya na macho yamefumbuka. Wangu wa leo ni yule wa Ulaya tunayemfuga bandani. Akiwa porini huchimba mashimo, watoto huzaliwa uchi na vipofu, na mimba ni mwezi mmoja tu.

Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliwafungulia sungura wachache shambani kwake Barwon Park, Victoria, Australia, apate cha kuwinda. Wakaenea sehemu kubwa ya bara. Huko magharibi ikajengwa seng'enge ndefu, sungura wakapita. Mwaka 1950 kikaachiwa kirusi cha miksoma, kinacholeta ugonjwa kwa sungura na kusambazwa na mbu na viroboto. Mwanzoni karibu kila aliyeambukizwa alikufa. Lakini waliosalia ndio waliozaa, na kirusi nacho kikapoa, maana kinachoua upesi mno hakipati muda wa kuhamia kwa mwingine.

Ndipo likaja wazo: badala ya kuwaua, tuwazuie wasizae. Yai la jike limevikwa utando angavu, na mbegu ya dume lazima ijishike kwenye utando huo kwanza ndipo ipenye. Mwili wa jike ukifundishwa kuuona utando ule kama adui, hutengeneza kingamwili za kuufunika. Mbegu inafika, inakuta mlango umezibwa. Tembo wa hifadhi ya Makalali, Afrika Kusini, walianza kuchanjwa hivyo mwaka 2000, kwa dawa itokanayo na mayai ya nguruwe, wakipigwa mishale. Sawa, tembo utamfuata mmoja mmoja. Mamilioni ya sungura utawafuata na mishale mingapi?

Kwa hiyo watafiti wa Canberra, Australia, miaka ya 1990, waliiweka jeni ya utando huo, yaani maagizo ya kuutengeneza, ndani ya kirusi kile kile cha miksoma, mbu wafanye kazi ya daktari. Maabara iliwapa moyo: majike wengi hawakushika mimba. Tatizo, kinga ilififia, wengine wakazaa tena. Na porini kirusi cha asili kilishatangulia. Sungura aliyeugua akapona ana kinga tayari, hakipokei kirusi kigeni cha maabara.

Jaribio ninalolipenda halikuhitaji kirusi hata kimoja. Watafiti wa Australia walikamata majike porini, wakawafunga mirija ya uzazi kwa upasuaji, wakawarudisha: sehemu nyingine asilimia 40 ya majike, nyingine 60, nyingine 80. Kwenye 40 na 60 hesabu haikushuka. Jike asiyezaa hachoki kwa mimba na kunyonyesha, basi anaishi zaidi. Na watoto wachache wanaozaliwa wanapata majani ya kutosha, wanakua. Ni kwenye 80 tu ndipo dalili za kupungua zilipoonekana. Sasa kipate kirusi kitakachofikia majike wanane kati ya kumi, tena kila msimu!

Wakati huohuo Hispania, nyumbani kwa sungura huyu, walikuwa wakilia kinyume. Kule ndiye chakula cha paka-mwitu adimu wa Iberia, na maradhi yalikuwa yakimmaliza sungura. Watafiti wao wakachukua miksoma iliyopoa yenyewe, wakaitengeneza isambaze chanjo ya kumwokoa. Kirusi cha ukoo mmoja: Canberra kimefungwa mzigo wa kuzuia uzazi, Hispania kimefungwa mzigo wa kinga. Mimi ningekuwa mkulima wa Hispania, siku ile nisingelala nikisikia mtu anataka kukiachia cha Canberra.

Haya, naona mkono kule nyuma.