Serikali Ichimbe Mtaro, Bando Iwaachie Wauzaji

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliobanana pale kwenye soketi mkichaji simu, asanteni kwa kunikaribisha Arua, hapa Uganda.

Mmeniuliza: intaneti iwe kazi ya serikali au tuwaachie wafanyabiashara? Wa umri wangu wanalikumbuka shirika la posta na simu. Ukiomba laini, ulisubiri mpaka ukasahau ulitaka kumpigia nani. Kampuni binafsi ya simu, Celtel, ikaanza 1995, sheria ya mawasiliano ikaja 1997, kampuni ya MTN ikafuata 1998, na simu ikatoka mezani kwa bwana mkubwa ikaingia kiunoni mwa muuza mihogo. Hilo ni la soko, silikatai.

Ila sisi hatuna bahari. Nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa 2009. Kutoka pale mpaka hapa lazima mtu achimbe mtaro, na mwenye kampuni hahesabu kilomita, anahesabu wateja. Ndiyo maana mkonga wa taifa, yaani nyaya kuu za intaneti za serikali zilizo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ulihitaji fedha za Benki ya Dunia ili ufike huku kwetu West Nile, na Karamoja pia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Halmashauri hujenga soko, lakini haipimi nyanya. Tangu 2013 Google ilitandaza faiba Kampala, isiuzie nyumba hata moja. Iliikodisha kwa kampuni yoyote iliyotaka. Ni mali ya mtu binafsi ile, na mlango ulikuwa wazi. Basi msiniulize mtaro ni wa nani. Niulizeni nani anaruhusiwa kupita, na kwa bei gani.

Kwa mkonga wa taifa, ofisi za serikali ziliwahi kulipa dola 300 kwa kila megabiti moja ya kasi kwa mwezi, bei ikashuka hadi 70. Ofisi, mama. Si kibanda chako cha kutoa fotokopi. Bei ile ya jumla ingefunguliwa kwa kijana yeyote wa Arua mwenye leseni, angewauzia mtaa mzima. Tangu kampuni ya simu ya Africell ifunge 2021, washindani wakubwa tumebaki nao wawili, na fahali wawili wakizoeana hawapigani tena.

Halafu kodi. 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia WhatsApp. 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Serikali iliyokopa ili intaneti ifike huku ndiyo hiyo hiyo inayoipandisha bei ikishafika. Mbunge wenu akija, mwanzieni hapo.