Karafuu za Khalati

(Mazungumzo yaliyotolewa Wete, Pemba, baada ya sala ya Alasiri, mbele ya wazee, walimu wa skuli na vijana wa nyumba za soba, yaani nyumba za wanaoacha dawa za kulevya)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha, walimu wangu, akina mama mliokaa nyuma kabisa ilhali mbele kuna nafasi, na nyinyi wenzangu wa soba mliobanana ukutani kama mnaosubiri kuitwa majina. Nimepewa nusu saa. Mtu aliyevuta unga wa heroini miaka tisa haaminiki kwa saa wala kwa simu ya kuazima, kwa hiyo mwalimu mkuu atanipa ishara.

Mimi ni wa hapa hapa. Wengi wenu mwanijua, na wachache wenu nilikuibieni. Yule mzee pale ananitazama kwa sababu ya baskeli. Mzee wangu, sijasahau.

Nina miaka sita sijagusa unga. Sikuja kukuelezeni ubaya wake, mnaujua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nimelala ndani yake na nyinyi mlikuwa macho. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kilichonichelewesha kuacha kuliko hata arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Arosto ina mwisho. Inaanza saa chache baada ya kukosa: miayo, kamasi, mwili unasimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaharisha, mifupa inauma hadi ndani. Siku ya pili na ya tatu unaomba kufa. Baada ya wiki hivi unaanza kula uji. Lawama haina wiki. Unaweza kukaa nayo miaka ishirini na ikanenepa.

Niwape hadithi niliyokuwa nikiisimulia kila maskani, kila kituo cha polisi, kila aliponiuliza mtu, "We kijana wa watu, imekuwaje?" Nilikuwa nikisema hivi: baba alikwenda Maskati mimi nina miaka saba, akasema anarudi baada ya Idi, hakurudi. Ami, ndugu yake baba, akachukua shamba la mikarafuu. Nikaenda Unguja kutafuta kazi bandarini Malindi, nikakutana na rafiki, akanipa kokteli, sigara ya bangi iliyotiwa unga, bila ya kuniambia kilichomo. Basi.

Hadithi hii haina neno la uongo. Baba hakurudi. Ami kweli alichukua. Rafiki kweli hakuniambia. Na ukitaka kuendelea juu zaidi, unga wenyewe hauoti Pemba. Kasumba ya siku zile ilikuwa ikilimwa huko Afghanistan, ikipikwa, ikipakiwa majahazini, ikivuka Bahari ya Hindi, na kuna watu wamejenga maghorofa kwayo ambao hawajawahi kuona teja akitapika. Wote hao wana makosa. Ningekuwa naongopa pengine ningeshikwa mapema. Kwa kuwa nilikuwa nasema kweli, hakuna aliyeweza kunijibu, na mimi niliitumia kweli hiyo kama tiketi. Kila nikitaka kete ya unga, namkumbuka baba. Nilikuwa simkumbuki nikiwa nimeshiba.

Sasa mashekhe wapo hapa, watanisahihisha. Tunasoma chuoni tangu wadogo kisa cha Adam na Iblis. Wawili wote walimuasi Mola wao. Iblis alipoulizwa akasema, kwa kuwa umenipoteza, basi nami nitawavizia waja wako. Yaani kosa langu lakini umelifanya wewe. Adam na mkewe, ambao kwa kweli walidanganywa, wana shahidi na kila kitu, hawakusema "Iblis katudanganya". Walisema: Rabbanaa dhalamnaa anfusanaa, tumezidhulumu nafsi zetu. Nililisoma hili nina miaka minane, nikapigwa bakora nilipokosea herufi, na sikulielewa mpaka nina thelathini na mbili, nimekaa kwenye mkeka wa nyumba ya soba Unguja, na penseli mkononi.

Ile penseli nikwambieni ilikuwa ya nini. Nyumba nyingi za soba hapa Visiwani zinafuata hatua kumi na mbili. Asili yake Marekani: mwaka 1935, mji wa Akron, walevi wawili wa pombe, mmoja wao daktari, waligundua kwamba wakikaa pamoja wakasemezana ukweli wanaiweza siku moja ya kutokunywa. Mwaka 1953 wa California wakaanzisha chama kama hicho kwa watu wa dawa za kulevya. Baadhi ya wazee wetu waliposikia asili yake walisema haya mambo ya kizungu. Mimi nasema mtu anayezama haulizi kamba imesukwa wapi. Na ukiziangalia, hatua za kuorodhesha uliowadhuru na kwenda kuwalipa, sisi tunazo kwenye masharti ya toba: uache, ujute, uazimie usirudi, na kama kuna haki ya mja umrudishie mwenyewe. Hilo la nne ndilo tunalipita mbio.

Hatua ya nne unaandika orodha ya nafsi yako. Nilipewa daftari. Nikaandika kurasa kumi na moja kwa usiku mmoja. Nilijiona mwandishi. Nikampelekea mlezi wangu, mtu mzima aliyekuwa na miaka minane ya usoba, fundi wa majiko ya mkaa, vidole vyote vimeungua. Akasoma taratibu, akafungua kurasa hadi mwisho, akanirudishia.

"Hii ni kesi uliyowafungulia watu," akasema. "Yako iko wapi?"

Nikakasirika. Nikamwambia hujui niliyofanyiwa. Akasema, "Najua, nimeyasoma sasa hivi, kurasa kumi na moja." Akachukua penseli akapiga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande huu aliyofanya ami. Upande ule nilichofanya mimi. Nikakaa mbele ya ule upande mtupu tangu Adhuhuri mpaka wanakuja kuniita kula.

Ami alichukua mikarafuu kumi na miwili. Ilibaki minne. Hiyo minne niliikodisha mwenyewe, msimu mzima, kwa fedha iliyonitosha siku tatu. Hili nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu. Wallahi hata mimi mwenyewe lilikuwa limenitoka. Miaka yote nikisema "ami kanimaliza", na miti minne imo ndani ya mdomo wangu.

Wapemba hamhitaji mfano wa mbali. Karafuu zikishushwa jioni, mnakaa ukumbini na taa, watoto, wakwe, majirani, mnachambua. Karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Vidole vinanuka wiki nzima. Hakuna anayeyalaani makonyo, nayo yana pa kwenda, yanapelekwa kiwandani Wawi yanakamuliwa mafuta. Lakini ukiyaacha ndani ya polo la karafuu, mnunuzi atalirudisha lote. Baba kutorudi ni makonyo. Yapo, ni ya kweli, yana pahala pake, nimeyalilia na nitayalilia. Siyachanganyi tena na mikarafuu minne.

Na hapa nataka kuwageukia akina mama, kwa adabu. Mtoto akiwa teja, nyumba nzima hutafuta wa kumbebesha. Kaharibiwa na wenzake. Ni hasadi ya jirani. Ana jini la kike linampenda. Mimi nilipelekwa kwa mganga, nikafukizwa, nikaogeshwa, akaambiwa mama alete kuku mwekundu. Njiani kurudi nilimuomba mama fedha ya soda nikaenda kununua kete. Jini la watu halikuwa na habari! Sikatai majini, yametajwa. Nasema kwamba nililipenda lile jini kuliko mganga alivyolipenda, kwa sababu madhali liko, mimi sina kosa. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilipa madeni yangu kwa siri ili baba wa kambo asijue. Kila alipolipa nilimshukuru kwa kulia, machozi ya kweli, na usiku ule ule nikakopa tena. Simlaumu. Nalisema kwa sababu naona nyuso mbili tatu hapo nyuma zimeinama.

Vijana wa soba, kuna jengine, na hili linawahusu nyinyi zaidi. Mtu akiacha kulaumu watu, mara nyingi anaanza kujilaumu yeye. Anajiita mbwa, anajiita mlaaniwa, kila mkutano analia yeye tu. Mnamjua, kila nyumba inaye mmoja. Mlezi wangu alinikuta katika hali hiyo akaniuliza, "Ukishajitukana, baskeli ya watu inarudi?" Ni mchezo ule ule umegeuzwa nguo. Aliyejiita mbwa hatarajiwi kulipa deni. Nani kamuona mbwa akilipa?

Mimi nilianguka pia, msidhani nimepanda ngazi moja kwa moja. Nilikuwa na miezi mitano. Ugomvi wa sufuria. Zamu ya kuosha ilikuwa yangu, nikasema si yangu, mwenzangu akanijibu mbele ya watu, nikavaa kandambili nikatoka. Nilipofika Mwanakwerekwe nilikuwa tayari nina sababu: amenidhalilisha. Tazameni ukubwa wa sababu, na udogo wa sufuria. Nikavuta kipimo changu cha zamani. Sikilizeni vizuri hapa, maana hili linaua: mwili uliokwisha kupumzika haukibebi tena kile kipimo. Nilikutwa mtaroni, midomo imebadilika rangi. Aliyenibeba ni yule yule wa sufuria, aliyekuwa ananitafuta tangu magharibi. Wengine niliowajua hawakukutwa.

Niliporudi wengine walinishauri niende hospitali ya Kidongo Chekundu nikaanze methadone, unakunywa dawa kila siku mbele ya muuguzi, arosto inakaa kimya, unaweza kufanya kazi. Mimi sikwenda, lakini wapo wenzangu waliokwenda na leo wana wake na vyombo vya uvuvi. Wanaobishana kama huyo ni soba au si soba, nawaachia baraza lao.

Mwalimu mkuu ananipa ishara. Namaliza na khalati yangu, ndugu yake mama, maana nilimuahidi nitasema mbele ya watu.

Msimu wangu wa mwisho wa unga nilirudi Pemba kwa meli ya usiku. Khalati alikuwa ameanika karafuu uwanjani, siku ya nne, zimeshakuwa nyekundu za kahawia, ukiivunja inalia. Usiku akazikusanya akazitia polo akaliweka nyuma ya mlango, akalala kwenye kitanda cha kamba pembeni yake. Mimi alinitandikia mkeka na kanga yake mpya ya kujifunika. Nilisubiri akorome. Nikazijaza ndani ya ile kanga, nikafunga, nikatoka. Zilikuwa kilo kumi na nane, nilizipima kwa mtu nikaziuza kwa bei ya kutupa. Kumi na nane kavu, mnajua, ni zaidi ya hamsini mbichi, na zile alizichuma mwanawe, alizichambua yeye na wajukuu, alizigeuza juani siku nne na mvua ikimkimbiza.

Nilipofika hatua ya tisa, ya kwenda kulipa, nilikuwa nimeweka akiba mwaka mzima. Nikaja na fedha ndani ya bahasha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nimeyafanyia mazoezi ndani ya meli: Khalati, niliumwa, nilikuwa si mimi. Nilipomuona amekaa kwenye kibao anakuna nazi, yale maneno nikayaona yote ni makonyo. Nikasema, "Khalati, mimi ndiye niliyezichukua karafuu zako. Na kanga."

Hakuacha kukuna. Akasema, "Najua. Nilikuwa macho."

Nikamnyooshea bahasha. Akaitazama.

"Hiyo fedha ya mwaka gani?"

Nikamwambia nimehesabu kwa bei ya mwaka ule. Akasema, "Mwaka ule nilitaka kuezeka nyumba. Bei ya bati la mwaka ule ukaipate wapi? Niletee karafuu. Kilo kumi na nane, kavu, zisiwe na makonyo."

Basi tangu hapo kila msimu nakwea mikarafuu ya watu kuchuma kwa ujira, na ujira wangu wa siku ya Alkhamisi nachukua karafuu mbichi badala ya fedha. Naanika mwenyewe. Anazipima yeye, kwa mzani wake, na kila mara anatia mkono katikati ya polo atoe gao moja aliangalie kwenye mwanga. Mwaka juzi alinirudishia kilo mbili, akasema zina unyevu. Zilikuwa na unyevu kweli.

Nimeshalipa kilo kumi na tano. Kanga nilimnunulia, akasema jina lake si lile.

Mzee wa baskeli, nakuja kwako baada ya sala. Wassalaam alaykum.