Senta wa miaka ya tisini: mnabishana bila kuangalia miguu

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana mambo vipi. Naona kuna watu wameshaanza kucheka wakati hata sijafungua mdomo, wanajua nitasema nini. Chekeni tu. Nimelisema hili vijiweni, nimelisema kwenye harusi ya mdogo wangu mpaka nikavutwa shati nikae chini, na leo kipaza sauti ninacho mimi. Kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, senta, yaani yule mrefu anayecheza karibu na ringi, mkubwa kuliko wote wa miaka ya tisini ni Hakeem Olajuwon wa Houston. Sio "mmoja wa wakubwa". Yeye.

Wachezaji wenyewe mnawajua, sitapoteza muda. Ewing wa New York, Robinson wa San Antonio, Shaq alivyokuwa Orlando kabla hajahamia Lakers, Mutombo wetu wa Kinshasa, Mourning naye yumo. Enzi zile timu bila senta ilikuwa kama daladala bila konda, gari linatembea lakini nauli hakuna anayekusanya.

Sasa nyie madogo mkianza kubishana mnahesabu pete za ubingwa. Shaq anazo 4, Hakeem anazo 2, mnafunga mjadala mnaenda kula chipsi. Aisee. Kama ni pete, Robert Horry anazo 7, na Horry huyohuyo alikuwa anasubiri pasi za Hakeem pale Houston. Mbona hamji kuniambia Horry ni mkubwa kuliko Jordan? Pete ni ya timu. Mimi naulizia kitu kimoja, siku mlipokutana uso kwa uso, wewe na yule anayesemwa ni sawa na wewe, nani alitoka anacheka?

Na hapa ndio Hakeem anawamaliza wote. Juni 1994 mpaka Juni 1995, mwaka mmoja tu jamani, alikutana na Ewing kwenye fainali, akakutana na Robinson kwenye fainali ya kanda ya magharibi, akakutana na Shaq kwenye fainali nyingine. Wote watatu walichaguliwa namba moja kwenye drafti zao, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, Ewing 1985, Robinson 1987, Shaq 1992. Wote watatu wakarudi nyumbani. Hakuna senta mwingine aliyepewa mtihani wa namna hiyo halafu akaufaulu wote.

Ngoja niwaambie ya mkanda. Najua wengine mmeshaisikia, vumilieni. Mjomba wangu alikuwa baharia, na meli yao ilikuwa inatia nanga Houston, maana Houston ni bandari kubwa ile. Mwaka 1996 akarudi Tanga na mkanda wa VHS, kuna mtu wa kule bandarini alimrekodia mechi ya pili ya San Antonio na Houston, ya 1995. Tukaenda kwa jirani mwenye deki, tumejaa sebuleni kama tunangoja maiti, tunaweka mkanda, picha inapanda na kushuka! Mkanda ulikuwa wa mfumo wa Marekani, deki yetu mfumo mwingine. Jirani akapigapiga TV, akageuza vitufe vya nyuma, mwishowe picha ikatulia lakini nyeusi na nyeupe. Ndio tukaangalia hivyo hivyo. Mimi miaka mingi sikujua jezi ya Houston ya ugenini ni nyekundu, niliijua kama ile ya giza.

Kwanza siku hiyo, kabla mpira haujarushwa, David Robinson anakabidhiwa tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Pale pale, kwao, watu wake wanashangilia. Na Hakeem amesimama anaangalia, yeye ndiye aliyekuwa MVP mwaka uliotangulia. Mjomba akasema angalieni huyu wa giza. Basi mpira ukaanza.

Kuna mpira mmoja ndani ya ule mkanda, tuliurudisha nyuma mpaka jirani akalalamika tunamharibia deki. Hakeem kapokea pembeni, Robinson yuko mbele yake, na Robinson sio mtu wa kuchezewa, alikuwa mwepesi, mrefu, mwanajeshi wa maji, MVP. Hakeem anadunda kuelekea katikati, Robinson anamfuata. Anageuka nyuma kwa ghafla, Robinson bado yupo. Anainua mpira kama anarusha. Robinson anaruka. Na akiwa hewani vile, Hakeem bado miguu iko chini, anapita chini ya mkono wake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, anaweka mpira taratibu. Sebule nzima kimya. Halafu mzee mmoja, tena hakuwahi kucheza basketi hata siku moja, akasema huyu mtu amecheza mpira wa miguu huyu.

Yaani mzee yule aliona kitu ambacho makochi wetu mpaka leo hawakioni! Nitarudi hapo.

Hakeem alimaliza mechi ile na pointi 41. Mechi zote 6 za wao wawili alikuwa na wastani wa pointi 35.3, Robinson 23.8. Dhidi ya MVP. Na San Antonio ndio walikuwa wameshinda mechi nyingi kuliko wote kwenye ligi, 62, Houston wameingia mtoano nafasi ya 6.

Kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia Robinson aliwahi kufunga pointi 71 kwenye mechi moja. Kweli kabisa, dhidi ya Clippers, siku ya mwisho ya msimu wa 1994. Lakini dhidi ya Clippers, kaka. Mimi nakwambia dhidi ya mwenzake.

Ewing sasa. Huyu inaniuma kidogo maana nampenda, mtoto wa Jamaica, alibeba New York miaka 15. Mwaka 1984 vyuoni, Georgetown ya Ewing iliifunga Houston ya Hakeem kwenye fainali. Deni lile lilikaa miaka 10. Likalipwa 1994, mechi 7, na mechi zote 7 Hakeem alifunga pointi nyingi kuliko Ewing. Zote. Mechi ya sita, Houston wako mbele kwa pointi 2, sekunde za mwisho, John Starks anarusha ya pointi 3 ya kuchukua ubingwa, na ncha ya vidole vya Hakeem inagusa ule mpira. Senta! Ametoka mpaka kwenye mstari wa pointi 3 kumfuata gadi, mchezaji wa nje. Ubingwa wote ule uliokolewa na kucha. Mwaka huo akachukua MVP, mlinzi bora wa msimu, na MVP wa fainali, vyote vitatu, na mpaka leo hakuna mwingine aliyevikusanya ndani ya msimu mmoja.

"Hakeem alibeba ubingwa kwasababu Jordan hakuwepo." Nilijua tu itakuja. Mwaka 1994 hakuwepo, alienda kucheza besiboli, sawa. Mwaka 1995 alirudi mwezi Machi, akacheza na Orlando ya Shaq, akatolewa kwa mechi 6. Orlando hiyohiyo ikaja kwa Hakeem ikapigwa 4 bila. Na tena mjadala ni wa masenta, Jordan anaingiaje hapa? Kila mkibanwa mnakimbilia kwa Jordan.

Hoja nyingine, hii ina akili kidogo, kwamba sheria za zamani zilimbeba. Ni kweli mpaka 2001 NBA walikuwa wanakataza ulinzi wa zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu, ukitaka kwenda kumsaidia mwenzako kumkaba senta uende kweli, huruhusiwi kuzubaa katikati ukijifanya unakaba watu wawili. Kwahiyo senta alikuwa anapata mtu wake mmoja. Lakini sheria hiyo aliicheza Ewing pia, Robinson pia, Shaq pia. Tena Houston walizungusha warushaji pembeni, Kenny Smith, Horry, Elie, Cassell, ukiwaacha uende kwa Hakeem unapigwa za 3. Mfumo unaousifia leo kama umegunduliwa juzi.

Haya, miguu. Hakeem alikulia Lagos akicheza handiboli na kudaka kwenye mpira wa miguu. Basketi kaigusa akiwa kijana mkubwa tayari. Zile hatua ambazo Wamarekani walizipa jina la Dream Shake ni za golikipa na mchezaji wa handiboli. Ndio maana ana bloku, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikirushwa, 3,830, hakuna aliyezipita, na bado amepora mipira zaidi ya 2,000. Bloku 2,000 na kupora 2,000, ni yeye peke yake kwenye historia ya ligi. Ile ya pili ni kazi ya magadi wale wafupi!

Na nyie mnaofundisha, mkipata mtoto mrefu mnamfanyaje? Mnamsimamisha chini ya ringi. Usidunde, wewe mrefu, subiri mpira juu. Nimeona mtoto wa miaka 14 amesimama pale msimu mzima kama mnazi. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, urefu futi 7 na inchi 3, mrefu kuliko Hakeem. Kwahiyo urefu tunao, Mungu ametupa. Kitu kinachokosekana hapa hakiuzwi dukani.

Nimeonyeshwa dakika 5. Mbona mapema hivyo. Haya haraka.

Shaq. Nguvu ile haijawahi kuonekana, na 2000 mpaka 2002 mataji matatu mfululizo, simpunguzii hata kidogo. Hata ile fainali ya 1995 alikuwa na wastani wa pointi 28, kijana wa miaka 23, alicheza vizuri. Hakeem alikuwa na 32.8. Na mitupo huru Shaq alikuwa anaingiza kama nusu tu, mwishoni mwa mechi unamgonga makusudi apewe hiyo mitupo aikose. Hakeem humgongi hivyo.

Mutombo nilitaka nimpe nusu saa, marehemu, alitutoka Septemba 2024. Mtu aliyeenda Georgetown kusoma awe daktari, na badala yake akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Bloku 3,289, wa pili nyuma ya Hakeem. Waafrika wawili wako juu kabisa kwenye kuzuia, na bado mnaniletea habari za pete. Mourning samahani, siku nyingine.

Ah, na hii siiachi! Februari 1995 ilikuwa Ramadhani. Hakeem alifunga mwezi, mchana hali hanywi, na uwanjani anafunga pointi vilevile, na mwezi huohuo ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi. Alikuwa anafunga huku amefunga. Kwahiyo wewe unayeniambia leo mazoezi hapana kwasababu hujanywa chai, tutaonana.

Basi. Wote mliozidi futi sita msiondoke, bakini hapa. Mpira wa kikapu rudisheni kwenye wavu, nimekuja na ule wa miguu, uko kwenye gari.