Nusu ya Joho: Mhadhara juu ya Kikanisa katika Ibada ya Kikristo

Tumsifu Yesu Kristo. Waheshimiwa mapadre, watawa, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na ninyi ndugu zetu wa madhehebu mengine mliokubali kuja kusikiliza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kikanisa, na nitaanza na neno lenyewe, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya uzembe wetu kuhusu vikanisa imejificha katika namna tunavyolisikia.

Katika Kiswahili kiambishi ki- hupunguza. Mlima huwa kilima, mto huwa kijito, na mara nyingi upunguzaji huo huja na dharau ndani yake, kwani mtu akiitwa kijitu hakuna asiyejua kwamba ametukanwa. Ndiyo maana tusemapo kikanisa, masikio yetu husikia kanisa ambalo bado halijakua, kanisa linalosubiri mabati mapya, mnara, kengele ya kununua na paroko wa kuishi pale, na siku litakapovipata vyote hivyo ndipo tutakapoliita kanisa bila kuona haya. Nimekuja kuwaomba tuache kusikia hivyo.

Neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa kikanisa limetokana na Kilatini, cappella, nalo pia ni neno la kupunguza. Cappa ni joho. Cappella ni joho dogo, au tuseme kijoho. Je, joho na nyumba ya ibada vimekutana wapi? Vimekutana kwa Martin wa Tours, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 11 Novemba. Martin alikuwa askari wa jeshi la Kirumi, kijana mkatekumeni ambaye alikuwa bado hajabatizwa, na siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa ya leo, alimwona maskini aliyekuwa karibu uchi. Mkononi hakuwa na fedha ya kumpa. Alichomoa upanga, akalikata joho lake katikati, akampa yule maskini nusu, na nusu iliyobaki akajitupia mabegani. Waliokuwapo baadhi yao walimcheka, maana askari aliyevaa kipande cha joho alionekana kichekesho. Usiku ule, usingizini, alimwona Kristo amevaa ile nusu.

Martin alifariki mwaka 397 akiwa askofu wa Tours. Baada ya muda joho lililohesabiwa kuwa lake likawa mikononi mwa wafalme wa Wafranki, watu waliokuja kuitawala nchi hiyo, nao walilitunza kama masalia matakatifu na kulichukua hata vitani. Mahali lilipowekwa pakaitwa kwa jina la joho lenyewe, na makasisi waliolilinda wakaitwa cappellani, ambako ndiko lilikotoka jina la kapelani wa jeshi, wa gereza na wa shule. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu. Jina hili lilikuwa la kitambaa kilichokatwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa nje ya lango kabla halijawa jina la jengo, na mahali pa kwanza kuitwa hivyo palihama pamoja na watu, popote walipopiga kambi.

Sheria ya Kanisa Katoliki inaafikiana na asili hiyo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1214, unaeleza kwamba kanisa ni jengo takatifu ambalo waamini wote wana haki ya kuliingia kwa ajili ya ibada, hasa ibada ya hadhara. Kanuni ya 1223 inazungumzia mahali palipotengwa, kwa ruhusa ya mwenye mamlaka, kwa manufaa ya jumuiya au kundi fulani la waamini wanaokusanyika hapo, ambapo waamini wengine nao wanaweza kuingia kwa kibali cha mkubwa anayehusika. Kanuni ya 1226 inafuata na kikanisa cha binafsi, kwa ajili ya mtu mmoja au zaidi. Katika fasili hizo tatu hamtakuta futi wala meta. Sheria haikuuliza jengo lina ukubwa gani. Iliuliza ni la nani, na nani amewekewa altare pale.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Kikanisa cha Sistina huko Vatikano. Kina urefu wa karibu meta 40 na upana wa zaidi ya meta 13, na makanisa mengi ya parokia zetu yangeenea ndani yake. Papa Sisto wa Nne ndiye aliyekijenga, kikawekwa wakfu tarehe 15 Agosti 1483, na Michelangelo akachora dari lake kati ya mwaka 1508 na 1512. Pamoja na ukuu huo wote kinabaki kuitwa kikanisa, kwa kuwa kilijengwa kwa ajili ya ibada za Papa pamoja na watu wa nyumba yake, na ndimo makardinali wanamofungiwa kumchagua Papa mwingine kiti chake kinapobaki wazi.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na makanisa makubwa ya kuwafanya wayadharau madogo. Mtume Paulo anawasalimu Akila na Priska pamoja na kanisa lililo nyumbani mwao. Huko Dura-Europos, mji wa kando ya mto Frati nchini Siria ambao uliangamizwa yapata mwaka 256, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua nyumba ya kawaida ambayo Wakristo walikuwa wameigeuza: waliubomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate ukumbi, na katika chumba kingine wakajenga birika la ubatizo na kumchora Mchungaji Mwema ukutani juu yake. Kwa nje mpita njia aliona nyumba kama nyumba nyingine.

Katika upande wetu wa dunia, vikanisa vya zamani vilikuja na mabaharia. Kwenye ncha ya Kisiwa cha Msumbiji kingali kimesimama kikanisa cha Bikira Maria ambacho Wareno walikijenga mwaka 1522. Malindi kipo kingine cha Wareno, kidogo, chenye kuta nene na paa la makuti, na makaburi yamekizunguka. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alitua Malindi akiwa safarini kwenda Goa, India, akamzika mtu aliyefia chomboni. Sitaki kuvipamba vikanisa hivi. Vilijengwa kwa ajili ya wenye merikebu, wakati mwenyeji aliyekuwa akiuza nazi hatua chache kutoka mlangoni hakufikiriwa, na kwa muda mrefu sana ibada ya mle ndani haikumhusu. Hata hivyo nikisimama mbele ya makaburi yale ya Malindi naelewa hitaji lililokuwapo: mtu amefia mbali na kwao, na wenzake hawakutaka kumfukia bila sala.

Kikanisa kinachonigusa zaidi ni kile cha Mai Mahiu nchini Kenya, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kando ya barabara ya zamani itokayo Nairobi kwenda Naivasha. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitalia waliokuwa wakifanya kazi ya kuijenga barabara hiyo. Ni kidogo kiasi kwamba watu wachache tu wakiingia kimejaa. Mateka hana parokia. Hawezi kusema Jumapili nitakwenda mjini kusali, kwa kuwa mlinzi hamruhusu. Basi wale watu, baada ya kupasua mawe ya kutwa nzima kwa ajili ya barabara ya waliowashinda, walichukua mawe mengine wakajijengea altare pale pale walipokuwa. Leo malori yanapita yakiguna kwenye mteremko, na wasafiri husimama kuomba kabla ya kuendelea na safari.

Na sasa nije nyumbani, kwenye vigango, yaani vituo vidogo vya sala vilivyo chini ya parokia, maana humo ndimo Wakristo wengi wa nchi hii walimojifunza kufanya ishara ya msalaba. Mimi nilikulia katika kigango. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, na katekista, ambaye siku za kazi alikuwa fundi baiskeli, aliigonga kwa kipande cha nondo. Tulikaa juu ya mabenchi ya tofali za udongo, na ukifika umechelewa unakaa karibu na mlango ambako mbuzi huchungulia. Jumamosi akina mama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, walifua kitambaa cha altare na kukinyosha kwa pasi ya mkaa, wakiwa wamekwishamwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Padre alifika mara moja kwa mwezi, akiwa na pikipiki na sanduku la vyombo vya Misa limefungwa nyuma kwa mpira. Jumapili nyingine zote katekista aliongoza Ibada ya Neno. Ndoa zilitangazwa mle, marehemu walipitishwa mle, na mvua ilipokataa kunyesha tulikesha mle.

Kanuni ya 934 inataka kwamba mahali Ekaristi Takatifu inapotunzwa awepo mtu wa kuiangalia daima, na padre aadhimishe Misa hapo walau mara mbili kwa mwezi kadiri inavyowezekana, na kanuni ya 940 inataka taa iwake mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, bila kuzimika. Kigango chetu hakikutimiza hayo, kwa hiyo tabernakulo hatukuwa nayo. Bibi yangu alikuwa akilijua hilo, na bado aliingia kila siku jioni akitoka shambani, akaweka jembe nje ya mlango, akapiga magoti kwenye udongo. Nilipofika seminari ndogo nilimweleza, kwa ujuaji wa kijana, kwamba pale hapakuwa na Ekaristi. Akanijibu kwamba yeye alikuwa anamngojea. Sijapata mwalimu wa liturujia aliyenifundisha zaidi ya hapo juu ya uhusiano wa kikanisa na altare kubwa: kikanisa ni mahali pa kungojea Misa, na kungojea huko nako ni ibada.

Uhusiano huo ukikatika, kikanisa huharibika. Katika Zama za Kati huko Uingereza matajiri walijijengea vikanisa ndani na nje ya makanisa makubwa, wakaweka fedha ili padre aimbe Misa kwa ajili ya roho zao, miaka kwa miaka. Kuwaombea marehemu ni jambo jema, na mimi nalifanya. Lakini padre aliyelipwa na ukoo mmoja kwa ajili ya ukoo mmoja alikuwa amelishona tena lile joho la Martin na kumrudishia mwenyewe. Mwaka 1547 sheria ilivifuta vyote, na mali yake ikachukuliwa na mfalme. Kwa upande mwingine, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na wafuasi wake wa mwanzo, ambao kikanisa chao cha City Road jijini London kilifunguliwa mwaka 1778, kwa miaka mingi walijitahidi mikutano yao isigongane na saa za ibada ya parokia za Kianglikana. Hata sisi Wakatoliki tunaweza kujifunza kutokana na uangalifu huo.

Nimalizie na jambo lililonipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimuuguza mama katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku wa tatu, hali yake ilipozidi kuwa mbaya, nilitafuta kikanisa ambacho kibao kilionyesha kipo mwisho wa ukumbi. Nilikikuta na kufuli. Mlinzi aliyekuwa na ufunguo alinionya kwamba ndani hamna nafasi, lakini akafungua. Vitanda vilivyovunjika vilikuwa vimepandana hadi usawa wa madirisha, altare imeegemezewa vyuma vya kutundikia dripu, na kwenye kona ile taa nyekundu, imezimika, ina utando wa buibui. Wagonjwa mia kadhaa walikuwa wamelala nyuma ya kuta zile, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kutembea hadi kanisa la parokia.

Sikuwa na mahali pengine. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda kimoja kisicho na godoro, nikatoa rozari. Mlinzi hakuondoka. Nilidhani anataka kufunga, nikaharakisha. Kumbe alikuwa amevua kofia. Nilipofika kwenye fumbo la tatu akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye si wa dhehebu langu, ila ana mtoto amelazwa kule wodi ya watoto, na je, ningeweza kumtaja naye. Akanitajia jina la mtoto. Tulikaa mle hadi adhana ya alfajiri iliposikika kutoka upande wa pili wa barabara, na alipofunga mlango hakurudisha kufuli.