Matokeo Kwanza: Mhadhara wa Ufunguzi wa Shindano la Miradi ya Mwaka wa Mwisho

Itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo vya waliokaa mstari wa mbele, muda wangu utakwisha kabla sijasema lolote, na hilo hasa ndilo kosa nililokuja kulikemea.

Nimepewa mada ndefu: "Nafasi ya mashindano ya miradi ya mwaka wa mwisho katika kukuza utamaduni wa utafiti". Nimeisoma, nimeikunja, nimeitia mfukoni. Walionisikia zamani wanajua nitakachosema, na naona wahadhiri wawili kule nyuma wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Nitalirudia mpaka liingie: mshiriki, tuambie ulichokipata, na utuambie mwanzoni. Usisubiri slaidi ya mwisho, usisubiri kengele, usisubiri jaji akuonee huruma akuulize.

Kuna binti mmoja wa uhandisi wa ujenzi aliyepanda jukwaani na mradi wa majivu ya pumba za mpunga. Majivu hayo, pumba zikichomwa inavyotakiwa, yana madini mengi ya silika, yaleyale ya kwenye mchanga, na yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji kwenye zege. Mradi mzuri kabisa. Akaanza: "Saruji ni miongoni mwa vifaa vya ujenzi vinavyotumika sana duniani." Hakuna mtu ukumbini aliyekuwa halijui hilo. Akaendelea na historia ya saruji, hewa ya ukaa inayotoka viwandani, tatizo la utafiti, lengo kuu, malengo mahususi, akayasoma yote na namba zake za Kirumi. Akafika kwenye mbinu: michemraba ya zege yenye milimita 150 kila upande, inalowekwa majini, inavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28. "Siku ya 28 tulipata..." Kengele. Akakusanya karatasi zake, akashuka.

Wakati wa chai nikamfuata. Nikamuuliza, ulipata nini? Akaweka kikombe chini maana alihitaji mikono yote miwili. Akanionyesha jinsi mchemraba wenye majivu kidogo ulivyokaza mpaka mwisho, kisha ukapasuka kwa kishindo hata fundi wa maabara akaruka nyuma. Wenye majivu mengi haukupiga kelele: ulimomonyoka pembezoni, sindano ya mashine ikasimama mapema, basi. Kuna kiasi cha majivu ambacho ukikivuka, nguvu inashuka, na yeye alikuwa amekiona kwa macho yake kiasi hicho kiko wapi. Alinieleza yote hayo kabla chai haijapoa. Jukwaani majaji walisikia historia ya saruji.

Mtasema alikuwa na woga. Hapana. Woga hauwezi kukupangia maneno kwa utaratibu ule. Utaratibu ule tumemfundisha sisi. Tumemwambia tasnifu ina sura 5: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Sura ya 4 ndiyo yake. Zilizotangulia nyingi ni maandalizi na maneno ya watu wengine. Halafu tunamleta jukwaani, tunampa dakika chache, naye kwa utii anaanza sura ya 1. Ni sawa na mpishi anayewasimulia wageni historia ya sufuria ilhali wali uko tayari jikoni. Wasimamizi, mnaponiambia wanafunzi wa siku hizi hawajui kujieleza, nawaomba mrudi mkasome yale mliyoandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa rasimu zao. "Panua usuli." "Ongeza marejeo." Ni mara ngapi mmeandika "Sema ulichokipata"?

Sasa nitasimulia kisa ambacho baadhi yenu mmekisikia kwangu hadi mmechoka. Mtanivumilia, maana kila mwaka kuna wapya.

Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga Columbia kiliruka kutoka Florida, Marekani. Sekunde kama 82 baadaye kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi kubwa la nje kikagonga bawa la kushoto. Picha za video zilionyesha. Wanaanga 7 walikuwa tayari wako angani, na wahandisi wakaombwa kukadiria: je, bawa limeumia? Wakafanya kazi yao, wakaandaa slaidi. Slaidi moja kati ya hizo imekuwa maarufu kuliko slaidi nyingine yoyote ninayoijua, kwa sababu Edward Tufte, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Yale anayechunguza namna tunavyoonyesha data, aliichambua mstari kwa mstari.

Kichwa chake, kwa Kiswahili cha haraka, kilisema mapitio ya data za majaribio yanaonyesha makadirio yamebaki upande wa usalama. Msomaji anashusha pumzi. Chini yake nukta, chini ya nukta vistari, chini ya vistari vinukta vingine, kila ngazi ikiingia ndani zaidi na herufi zikizidi kusinyaa. Neno la Kiingereza lenye maana ya "kwa kiasi kikubwa" limerudiwa mara 5 kwa sura mbalimbali bila kuambiwa kikubwa ni kiasi gani. Na chini kabisa, mstari wa mwisho, ndipo ilipokaa habari yenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na vile vilivyotumika kwenye majaribio vilikuwa na inchi za ujazo 3.

Gawanyeni wenyewe. Ni mara 640. Maana yake majaribio yote yale hayakuwa na la kutuambia kuhusu bawa lile. Hicho ndicho kilichopaswa kuwa kichwa cha slaidi, kwa herufi zinazosomeka na aliyekaa mlangoni: "Kipande hiki ni kikubwa mara 640 kuliko chochote tulichokipima. Hatujui." Mahali pake wakaandika kichwa cha kuliwaza na matokeo wakayateremsha ghorofa ya chini.

Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ilipokuwa ikirudi kwenye angahewa. Wanaanga wote 7 walikufa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huohuo, iliizungumzia slaidi hiyo na kusema ni rahisi kuona jinsi kiongozi anavyoweza kuisoma asitambue kwamba inahusu hatari ya maisha.

Najua kuna mtu anataka kuniambia slaidi haikuua mtu, aliyeua ni povu, na nyuma ya povu kuna uongozi, bajeti, na mazoea ya kuona povu likibanduka na chombo kikarudi salama. Kweli tupu, na tume ilisema hayo yote kwa kurasa nyingi. Mimi sikusema slaidi iliua. Nasema watu waliosoma, wenye digrii kubwa kuliko utakayopewa Novemba, walikuwa na matokeo mkononi wakayaweka mstari wa mwisho. Kama wao waliweza, wewe unaweza. Na wewe kweli unafanya hivyo, nimekuona.

Mwingine, huyu ni wa sayansi asilia, nimemzoea, ananijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utafiti mzuri hauhitaji mashindano wala maonyesho. Weka kazi mezani, watu wataiona. Ningependa iwe hivyo. Lakini tuna kisa cha Gregor Mendel, mtawa wa Brno, mji ulio Ucheki ya leo. Alipanda njegere kuanzia 1856, akazichavusha kwa mkono, akahesabu mbegu moja moja: katika jaribio moja alipata za mviringo 5,474 na zenye mikunjo 1,850, karibu 3 kwa 1. Akawasilisha mbele ya chama cha wapenda sayansi wa mji wake jioni mbili, Februari na Machi 1865. Mwaka uliofuata makala ikachapishwa. Mezani kazi ilikuwepo. Mendel akafa 1884, na ulimwengu ukaja kuinua kichwa mwaka 1900. Kizuri kile kilikaa sokoni miaka 34 bila mnunuzi. Sisemi alizungumza vibaya, hatukuwepo; nasema kizuri hakina miguu. Kama hesabu za njegere, zilizokuja kuwa msingi wa elimu nzima ya urithi, hazikujiuza, mradi wako wa programu ya kusajili wagonjwa hautajiuza.

Haya, dakika. Mwaka huu tena nimeletewa malalamiko kwamba muda ni mfupi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walianzisha mwaka 2008 shindano la kueleza tasnifu ya uzamivu kwa dakika 3, na leo linafanyika katika vyuo vya nchi nyingi. Wazo lilitokana na ukame: wananchi walihimizwa kupima muda wa kuoga, na wengi wakabandika ukutani bafuni saa ndogo za dakika 3 za kuchemshia mayai. Mkuu wa shule ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu akaona, kumbe dakika 3 zinatosha kwa shughuli kubwa. Wenyewe wanapenda kusema tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa 9 kuiwasilisha. Mtu wa uzamivu anaiweka kwenye dakika 3. Wewe wa shahada ya kwanza una dakika zaidi yake na bado unalia.

Lakini tazameni tulivyoiga. Kanuni za kule zinaruhusu slaidi 1, tena isiyosogea. Hakuna video, hakuna sauti, hakuna vifaa vya kushika mkononi, hakuna kughani shairi wala kurap. Ukivuka dakika 3, umetoka. Sisi tumechukua kikomo cha muda, tukaiacha kanuni ya slaidi 1. Kwa hiyo mshiriki anakuja na rundo la slaidi, anaziruka akisema "hii tuipite, hii pia tuipite", na jaji anabaki anajiuliza hizo zinazopitwa ziliwekwa za nini. Slaidi moja inakulazimisha uchague. Ukichagua, matokeo hayana pa kujificha.

Maswali. Hapa ndipo ningekaa saa nzima kama ningepewa. Wasilisho linaweza kuandikwa na rafiki. Linaweza kuandikwa na akili bandia, na siku hizi mara nyingi linaandikwa nayo. Ukisikia mwanafunzi wa ufugaji nyuki anasema kwa sauti ya mwanadiplomasia, umejua. Linaweza kukaririwa neno kwa neno, hata ukimkatiza katikati inabidi arudi mwanzo kama anayetafuta aya aliyoipoteza. Majibu hayakaririki. Mwulize: kwa nini hojaji 60, si 200? Zilizokuja na majibu nusu ulizifanya nini? Ungeona nini mezani ndipo ukubali kwamba umekosea? Aliyefanya kazi mwenyewe anachangamka. Swali la mwisho hilo huwa analipenda, maana amelala nalo usiku mwingi. Aliyefanyiwa anamtazama msimamizi wake.

Na majaji nao tusemane. Kuna jaji anayeshika kipaza sauti na kusema, "Langu si swali, ni mchango tu." Mchango peleka harusini. Mshiriki ana dakika 4 za maswali na wewe umezila 3 ukieleza ulivyofanya utafiti wako enzi hizo.

Kuna na hili la matokeo hasi, nalipitia upesi. Mwanafunzi akija akisema, "Nilitegemea dawa hii ya mimea iue wadudu hawa, haikuwaua," msimkate alama. Amepata kitu. Mkimkata, mwenzake wa mwakani atahakikisha wadudu wanakufa, kwenye karatasi.

Mtunza muda ameshaniinulia kadi, na mnaofurahi nawaona. Nilikuwa na la kusema kuhusu mabango na miradi ya vikundi. Mabango: kama mtu aliyesimama mita 2 hawezi kusoma matokeo yako, ulichobandika ukutani ni tasnifu. Vikundi: jaji, mwulize yule aliyesimama nyuma akishika rimoti. Mahitaji ya watu wenye ulemavu wa kusikia, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama, mwenyekiti ameniahidi yatashughulikiwa. Namshika ahadi mbele yenu.

Fomu mpya za alama ziko kwenye meza ya mlangoni. Safu ya maswali imepanda kutoka alama 10 hadi 40, hilo tumekubaliana na jopo. Safu ya mavazi nimeifuta mwenyewe kwa kalamu asubuhi hii, fomu zote, kabla mwenyekiti hajafika. Kama ana pingamizi, alitoe sasa hivi, maana mshiriki wa kwanza ameshaunganisha kompyuta yake.