Kahawa ya Saa Saba Mchana

NEEMA: Tunarekodi? Haya. Wasikilizaji, kaka Mwinyi yupo hapa, mzima. Mshukuruni Mungu.

MWINYI: Umeshaanza.

NEEMA: Waambie ya Jumanne.

MWINYI: Daladala, foleni, jua la Februari, tumebanana kama dagaa. Jasho linatiririka mpaka kwenye soksi. Mara kichwa chepesi, naona nyota. Konda anapiga kelele, "Mzee huyo anaondoka!" Mzee! Mimi! Mama mmoja akanishusha kivulini, akanibandika maji ya kandoro shingoni, kifuko huku, kifuko huku.

NEEMA: Mama anajua kazi yule. Joto likizidi, mishipa inatanuka, damu inakimbilia kwenye ngozi ikapoe, presha inashuka, kichwa kinapungukiwa. Sasa waambie ulipofika nyumbani ulifanya nini.

MWINYI: Nilikunywa kahawa.

NEEMA: Ya moto!

MWINYI: Vikombe viwili. Vile vidogo.

NEEMA: Wiki iliyopita ulisema kimoja, tukatumiwa picha ya vinne.

MWINYI: Babu yangu kanywa kahawa barazani Februari zote za maisha yake. Kahawa inatoa jasho, jasho linapoza. Sayansi hiyo, da Neema.

NEEMA: Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Likidondoka chini limeondoka na maji yako na chumvi yako bure. Dodoma kukavu nitakukubalia: unakunywa, unatoka jasho, upepo unalikausha, unapoa. Dar hewa yenyewe imeloa. Taulo halikauki, utakauka wewe?

MWINYI: Babu alikaa kwenye upepo wa bahari.

NEEMA: Wewe ulikaa sebuleni, umeme umekatika.

MWINYI: Dirisha lilikuwa wazi! Hebu twende kwenu kwenye baridi, huku unanionea.

NEEMA: Njombe mwezi wa saba, asubuhi umande umeganda kwenye nyasi, mweupe kama chumvi. Vidole vinakufa ganzi kwanza, maana mwili unabana mishipa ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na ubongo. Kisha unatetemeka, misuli inatengeneza joto. Na malaika wanasimama.

MWINYI: Malaika tena? Si tulikuwa kwenye sayansi?

NEEMA: Vinyweleo, Mwinyi! Mnyama mwenye manyoya yakisimama anapata koti. Sisi tunapata vipele tu.

MWINYI: Na huko mnakunywa nini?

NEEMA: ...Chai. Kahawa. Huko ndiko mahali pake.

MWINYI: Kwa hiyo kahawa inapasha Njombe, inapoza Dodoma, ila Dar imetususia?

NEEMA: Hasa.

MWINYI: Sikubali.

NEEMA: Usikubali. Ila joto halina subira. Mwili ni digrii 37. Ukipita 40 mtu anaanza kuongea asiyoyajua, na hapo ni hospitali, siyo kivuli. Baridi wakati mwingine inakupa nafasi. Mwaka 1999 kule Norway, daktari Msweden, Anna Bågenholm, alinasa chini ya barafu, mwili ukashuka mpaka 13.7. Moyo ulisimama. Akapona.

MWINYI: Walimzinduaje?

NEEMA: Damu yake ilipitishwa kwenye mashine nje ya mwili, ikapashwa, ikarudishwa.

MWINYI: Ahaa. Kitu cha moto.

NEEMA: Mwinyi!

MWINYI: Nimesema tu. Kitu cha moto kiliingia mwilini, mtu akapona.

NEEMA: Alikuwa ameganda! Wewe ulikuwa unaiva!

MWINYI: Babu aliishi miaka 91.

NEEMA: Kwa sababu hakupanda daladala saa saba. Jamani, dakika moja imebaki, na nilikuwa na mambo matano ya kuwaambia watu. Haya, hata hili moja: msilale na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake inaua na haina harufu. La pili... Nini hicho kinagonga?

MWINYI: Vikombe. Muuza kahawa anapita.

NEEMA: Kaa chini. Mwinyi. Mwinyi, vua hizo spika za masikio kwanza, unavuta waya...