Kumuuguza mwanapunda mwenye nagana: usimkimbize

Mwangaluka ndugu zangu, karibuni tena zizini kwetu, nje kidogo ya mji wa Tabora. Huyu mnayemwona chini ya mwembe ni Kabula. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Mwezi uliopita alipatwa na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, hata kusimama tu kulimshinda, na wengi mmeniuliza nilimfanyaje, kwa hiyo leo twende hatua kwa hatua.

Kuna aliyeuliza mbona sifugi farasi. Ndugu yangu, Stanley, yule msafiri aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kuja huku Unyanyembe, ndiko Tabora kwetu, alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa mwanzoni tu mwa safari. Sisi punda anatutosha. Ila mbung'o humwangusha, na shida yake ni kwamba maumivu huyaficha. Ukiona punda ameinamisha kichwa na kujitenga, jua ameumwa tangu juzi.

Hatua ya kwanza, mtazame kabla hujamgusa. Je, anakula? Masikio yanageuka akisikia debe? Kamera isogee hapa mdomoni. Fizi hizi sasa zina rangi ya waridi. Wakati ule zilikuwa nyeupe kama unga, maana nagana hula damu. Homa yake nayo huja na kuondoka. Leo amechangamka unasema amepona, kesho amelala. Kipimajoto kipake mafuta ya mgando, simama ubavuni, kamwe usisimame nyuma yake, kisha kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Punda wa umri huu havuki nyuzi 38.9. Kabula alifika 40.

Hapo mwite bwana mifugo, achukue damu aitazame kwenye hadubini. Nawasihi, dawa ya nagana uliyobakiza ya ng'ombe usiichome mwenyewe. Dozi ikizidi kidogo, punda anaweza kufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Unachoweza kusaidia ni uzito: chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mpe daktari hicho kipimo.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku ya sindano tulimkimbiza na kamba, watu watatu, tukamwangusha. Sindano ikaingia, lakini kuanzia hapo akiniona mimi anarudi nyuma hadi ukutani, na chakula nilichoshika hakigusi. Mnyama mgonjwa ana nguvu kidogo, nasi tulizimaliza kwa mbio.

Kwa hiyo fanya hivi. Ingia zizini, kaa chini kwenye kigoda, mgeuzie ubavu, usimkodolee macho. Usiseme naye sana. Nenda na kazi yako, mimi nilikuwa nikipukuchua mahindi. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Siku ya nne nikasikia pumzi shingoni. Usigeuke! Hapo ndipo wengi huharibu, wanamrukia wamkumbatie. Mwache anuse aondoke. Akirudi, mkune hapa juu ya mabega, si usoni. Ukiona mdomo wa juu unarefuka na kutetemeka namna hii, amekolea. Toa mkono yeye akiwa bado anautaka.

Kamba ije baadaye: iweke begani kwako ainuse, kisha shingoni mwake, kisha itoe. Sindano ya pili tulimchoma akiwa amesimama, binti yangu anamkuna. Binti ndiye mwenye subira nyumbani, mimi nakiri.

Na mama yake usimtoe. Nilishauriwa nimtenge mgonjwa, lakini nagana huenezwa na mbung'o, si kwa kulala zizi moja. Ukimtenga na mwenzake anaacha kula, na punda asipokula siku mbili tatu, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini linazidiwa.

Chakula: ukoka, mabua makavu ya mtama, kidogo kidogo mara nyingi. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata punje, yanaharibu ubongo wake. Maji yawe safi, ndoo isuguliwe kila siku. Ng'ombe atakunywa ya tope, punda atakufa na kiu akiyatazama. Asubuhi za Juni nayapasha moto kidogo. Bonge la chumvi ya Uvinza liko pale kwenye kona, anaramba akitaka.

Mbung'o huuma mchana, basi fyeka kichaka kinachozunguka zizi na uwashe kinyesi kikavu cha ng'ombe kitoe moshi. Nguo ya buluu au nyeusi iache nyumbani, inawavuta. Paa pia liwe zima, manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi.

Fizi zilianza kurudi rangi wiki ya tatu. Nyama ya mgongoni bado, mnaona mbavu hizi. Namtembeza hadi kisimani na kurudi bila mzigo, na mzigo wenyewe hataubeba mpaka afike miaka minne, hata jirani akinicheka. Daktari atarudi Jumatatu kuchukua damu tena, nitawaonyesha. Ngoja nizime, kuna mtu hapa anatafuna kipaza sauti. Kabula! Acha hiyo waya.